Hesabu ya Jumamosi Usiku

Nyaboke ana miaka ishirini na mmoja, mimba ya miezi saba.
Mimi nina shati jeupe la misheni, kola nimeigeuza.
Ndoa yetu ni ya milele;
kodi ya Kayole ni ya mwezi.

Mezani kuna tokeni za stima, unga,
na bahasha ya fungu la kumi,
hiyo hutangulia, hata zikibaki sarafu.

Mama alisema: nunueni kitanda kwanza.
Askofu, fundi wa friji, baba wa sita,
alisema tusingoje utajiri utupe ruhusa.
Nawapenda wote wawili. Hakuna aliyeuliza
nepi ni pesa ngapi.

Stima inakatika.
Nyaboke anacheka gizani, anauvuta mkono wangu tumboni:
"Shika. Huyu anapiga teke bure."