Flashi Nyekundu

Saa nne usiku, Mwanga. Duka nimelifunga kwa ndani.
Nje muuza migebuka wa mwisho anamwaga maji ya beseni,
nami nimekaa mbele ya kompyuta,
flashi nyekundu mkononi kama mshenga aliyepewa barua ya posa
asielekezwe nyumba.

Ndani ya flashi kuna Debian.
Nimeishusha usiku nne, kwa bando la usiku.
Ilipofika asilimia sitini na moja umeme ukakatika,
nikaanza upya bila kumtukana mtu.

Kwenye mashine kuna Ubuntu, mwaka wa sita sasa.
Aliuweka Ndayanse kabla hajapanda treni kwenda chuo, Dodoma.
Bibi yangu wa Heru Juu alipolisikia jina akacheka:
"Ubuntu? Hilo neno letu. Limeingiaje humo?"
Nikamwambia limekuja na mashine.
Tangu hapo nikimpigia huuliza biashara, huuliza kifua changu,
kisha: "Na ule ubuntu wako, mzima?"

Mzima, bibi. Ila umenenepa.
Nauwasha, naenda kununua maandazi, narudi,
bado unazungusha kiduara.
Usiku unajisasisha bila kubisha hodi.
Jumanne ulikula bando la wiki nzima
Mwalimu Gwasa akiwa amesimama kaunta,
mtihani wake wa Jiografia umekwama kwenye barua pepe,
watoto mia na arobaini wanaanza saa mbili.

Usiache mbachao kwa msala upitao.
Najua. Niliambiwa hivyohivyo nilipoiacha Windows ya wizi
iliyokuwa ikinidai ufunguo kila asubuhi.
Lakini aliyeitunga methali,
mbachao wake haukuwa ukiongezeka uzito yeye akiwa amelala.

Shida ni printa.
Niliinunua kwa mhasibu wa shirika lililofunga ofisi Kasulu.
Ndayanse alihangaika nayo siku tatu,
akaandika mistari kumi na minne kwenye lile dirisha jeusi,
na jioni ya tatu ikakohoa ukurasa mmoja
wenye neno moja: HABARI.
Tulishangilia mpaka fundi cherehani wa jirani
akaja kuuliza nani kajifungua.
Ile mistari hakuiandika popote.
Mwaka jana nilimuuliza. Akasema,
dada, hata mimi sikumbuki, nilikuwa nabahatisha.

Na kesho kuna hati ya mauziano ya kiwanja cha Gungu, saa tatu,
wauzaji ni ndugu wawili wasiosalimiana.
Kuna kadi za ubatizo thelathini.
Kuna barua ya Ntibakazi ya kuomba kazi bandarini,
mara ya tano, tarehe tu ndiyo inabadilika,
naye hulipa kwa sarafu za mia alizozihesabu nyumbani.

Nachomeka flashi. Nawasha, kidole kwenye F12.
Debian inakubali kuonjwa kabla ya kusakinishwa,
kama muuza mawese anavyokudondoshea tone kiganjani
uking'ang'ania bei.
Nyepesi! Sekunde arobaini. Nimehesabu mara mbili.
Herufi zake zimekonda, picha ya ukutani sijaipenda,
lakini faili la Ntibakazi limefunguka kabla sijakaa vizuri.
Natuma ukurasa.
Printa inawasha taa ya chungwa, inafikiri,
inafikiri,
huko stesheni treni inapiga honi,
taa inarudi kijani.
Karatasi haikutoka.

Saa sita na robo. Nachomoa flashi,
naibandika kipande cha plasta, naandika: NZURI. PRINTA BADO.
Naiweka kwenye droo, kati ya pini na risiti za umeme.
Natoa daftari la madeni, nafungua ukurasa wa nyuma kabisa,
na kabla Ubuntu haujamaliza kuzungusha kiduara chake
nimeshaandika: Mstari wa kwanza.
Chini yake hakuna kitu.

Nimempigia Ndayanse.
Inaita.