Ramani Tatu Dirishani

Usiku ule mvua ilipiga Pongwe saa tisa mfululizo,
na maji hayakubisha hodi idara kwa idara.
Nguzo ikalala, pampu yetu ikanyamaza,
mnara wa simu ukala betri hadi tone la mwisho,
na fundi wa nguzo akawa hapatikani
kwa kuwa mnara umezimika,
na mnara umezimika kwa kuwa nguzo imelala.
Yai na kuku. Tukabaki kuulizana nani aanze kutaga.

Wodi ya wazazi, Sista Mwanamgeni
alikinga maji ya paani kwa beseni la nguo,
akayachemsha kwa mkaa,
mafuriko yakimfika magotini,
bombani hata kikohozi.

Jumatatu tukaitana.
Singano wa umeme kaja na ramani yake kwapani
kama mtu aliyebeba hati ya shamba la urithi.
Bi Shemndolwa wa barabara kaja na yake.
Yangu, ya mabomba, ilikuwa na doa la chai
lililofunika Chumbageni nzima.

Miaka kumi na mitano ofisini,
sikuwahi kuona ramani ya jirani.

Tukazibandika kioo cha dirisha, moja juu ya moja,
jua likapita katikati.
Mistari yote, wallahi yote,
ikakutana penye karavati moja
la enzi za mkonge, upana wa pipa:
barabara juu, bomba chini,
na waya wa Singano umefungwa kwenye bomba langu
kwa kamba ya katani.

“Nani alifunga?”
“Na nani alikuruhusu upite chini yangu?”
Kisha kimya. Tangawizi ikapoa vikombeni.

Hatukufanya makubwa; fungu lilikuwa dogo.
Jenereta tuliipandisha kimo cha mtu na mkono wake.
Waya ukahamishwa njia ya mlimani.
Mnara ukapata sola.
Karavati jipya bado liko kwenye makaratasi,
na makaratasi, kama mjuavyo, hayapitishi maji.

Jana masika imeanza.
Saa nane usiku nampigia Singano.
“Nguzo?”
“Imesimama. Pampu?”
“Inanguruma.”
“Karavati je?”
Bi Shemndolwa simu yake inaita tu, inaita tu.

Nikasikia upande wa pili
Singano anatafuta mabuti gizani.
Yangu yalikuwa mlangoni.