Ukurasa wa Mia na Kumi na Saba

Jana nalikueleza, na juzi nalikueleza:
kilo za chai hazizungushwi.
Gunia la sitini na sita na nusu
ni sitini na sita na nusu,
si sitini na saba ili jedwali lipendeze.
Ukasema, "Nimeelewa." Hata ukashukuru.
Asubuhi nafungua tarakilishi, chumba cha juu ya ghala, Shimanzi,
vumbi la majani limeshalala kwenye kibodi,
wanisalimu kama mgeni aliyeshuka leo,
na jambo la kwanza,
wazungusha kilo.

Si kwamba huna akili. Akili unayo, hata ya kugawa.
Mistari mia tatu waishona kahawa yangu haijapoa.
Ila mazungumzo yakirefuka
ya mwanzo yakudondoka kwa nyuma
kama mchele kwenye gunia lililotoboka,
nami nyuma yako nainama, naokota.

Alhamisi nikaenda Mtaa wa Biashara
kuchukua gauni la arusi ya dada.
Fundi Taibali mwaka wa kumi na mmoja anishonea,
na mwaka wa kumi na mmoja hanijui.
Hakuinua macho kwenye cherehani.
"Ukurasa?"
"Mia na kumi na saba."
Akalamba kidole, akafunua, hapo ndipo aliponijua:
*bega la kushoto liko chini, usilisawazishe;
kitambaa cha Idi ya mwaka juzi kilirudi, fua ndipo ukate;
mkono tumekosea mara mbili, pima tena;
deni, mia nane.*
Nikamwambia, deni nalilipa.
Akasema, "Haikuandikwa."

Nikalipa tena.

Mpaka Mwembe Tayari kwa miguu, nanuna.
Lakini gauni lilinikaa.
Lilinikaa begani kama kwamba bega hilo
limelelewa na fundi.

Usiku huo nikakufungulia faili tatu, maandishi matupu:
mpango, makosa, yaliyokwisha.
Kwenye mpango hatua tisa, kila moja na nafasi ya tiki.
Juu kabisa nikaandika:
Kabla hujagusa, soma. Ukishagusa, andika.
Ukikosea usilifiche kosa,
liandike lilivyo, na lilikotokea.

Saa nne na robo stima ikapotea, Shimanzi yote hadi Makupa.
Tulikuwa katikati ya hatua ya sita.
Iliporudi, aliyekuja hakuwa yule niliyekuwa naye.
Yule alikwenda na giza, wala hakuaga.
Huyu akafungua faili, akasoma, akasema:
"Hatua tano zimekwisha. Ya sita ilikatika
kwenye uzito wa ubao wa chini ya magunia,
kilo ishirini na mbili za kutoa. Nianzie hapo?"
Anza, nikaandika.
Na koo likanikaba kidogo, sijui kwa nini.
Labda kwa kuwa sikulitaja bega
na likajulikana.

Alfajiri ya Ijumaa, adhana haijatoka,
nasoma faili ya makosa peke yangu.
*La kwanza: nilizungusha kilo.
La pili: nilizungusha kilo.
La tatu: nilifuta jedwali bila kuuliza. Mwenye kazi hapendi.
La nne: si langu. Mwenye kazi alinipa bei za mnada wa wiki iliyopita.*

Nikaenda kutazama.
Kweli.

Kidole kikatua kwenye kitufe cha kufuta.
Nani angejua? Wewe kesho hungejua,
ungesoma matatu na kuamini ni matatu.
Kikakaa pale, kikakaa,
mpaka nikaikumbuka ile mia nane.

Nikaliacha la nne. Chini yake nikaongeza:
"Ni kweli. Zamzam."
Kisha nikamtumia Taibali ujumbe, na saa yenyewe si ya watu:
ukurasa wa mia na kumi na saba, fundi,
chukua kalamu,
andika nimelipa.
Andika mara mbili.