Sailensi

Kila nikifika kwenye taa nyekundu pale darajani
mambo huanza. Kwanza usukani hutetemeka
kama mkono wa mtu aliyebeba trei ya vikombe vilivyojaa,
halafu mshale hushuka, mia nane, mia sita, mia nne,
halafu gari huzima.
Nyuma yangu Kutaisi nzima inapiga honi.
Ndani, mikate themanini inapoa.

Lilishuka bandarini Poti kutoka Ujerumani
likiwa na kibandiko cha shule ya mtoto nisiyemjua.
Dada yangu Makvala alilinunua kwa migongo ya wazee wa Bari
anaowageuza kitandani usiku, mmoja baada ya mwingine.
Jumapili hupiga simu. "Gari linaendaje?"
"Linakwenda," humjibu. Sijasema uongo.
Kwenda linakwenda. Kusimama ndiko kunakolishinda.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Nikanunua plagi.
Wa pili akasema koili, akaniangalia viatu
kabla ya kutaja bei.
Wa tatu, kijana mwenye kompyuta,
alichomeka waya chini ya usukani, akasoma namba:
sailensi iko chini, hewa nyingi, mafuta machache,
kwa hiyo pampu.
Nikanunua pampu.
Sasa nina katoni ya vipuri vizima chini ya kitanda
na gari ni lilelile.

Guliko anafanya kazi nyuma ya kiwanda cha malori kilichokufa.
Ana miaka sitini na mitatu na sikio moja linalosikia.
"Linazima likiwa baridi au likiwa moto?"
Kote kuwili.
"Ukikanyaga ekseleta linatulia?"
Linatulia.
"Redio."
Redio imefanya nini?
"Izime."

Akachomoa waya wa koili ya kwanza: injini ikayumba.
Akaurudisha. Ya pili, ikayumba. Ya tatu. Ya nne.
"Wote wanne wanafanya kazi," alisema,
kama mwalimu anayewatetea watoto waliosingiziwa.
Kisha ncha ya bisibisi kwenye chuma,
mpini kwenye sikio lililobaki,
macho kafumba.
Nilijikuta nimebana pumzi.

Akazima injini, akawasha sigara.
Nikadhani ni mapumziko.
Akavuta mpaka mashavu yakabonyea,
akaupuliza moshi ndani ya bomba la hewa, taratibu,
mara moja, mara tatu, akikohoa katikati,
na kule nyuma, mahali ambapo mkono wangu hauingii,
uzi wa buluu ukapanda.

Penye moshi, kumbe, si lazima pawe na moto.
Pana tundu.

Mpira wenyewe hauzidi kidole cha shahada.
Umechanika upande wa chini, usioonekana,
ufa ambao hata ukucha unaingia kwa shida.
"Linakunywa hewa ya wizi," alisema Guliko.
"Likiwa mbioni halijali, hewa hiyo ni tone tu.
Likisimama, ni nusu ya chakula."
Nikamkumbuka Makvala akija likizo,
anavyoosha sahani zilizokwisha oshwa,
anavyoinuka kabla hajakaa.

Mpira lari sita. Kazi kumi na tano.
Nilimtajia ile katoni. Akacheka mpaka sigara ikamdondoka,
kisha akaacha kucheka, akapunguza tano.

Jumapili niliegesha kando ya mto,
nikaiweka simu juu ya boneti.
"Sikiliza," nikamwambia.
Mshale umesimama kwenye mia nane kama uliopigiliwa msumari.
Kule Bari mzee mmoja anaita, mlango unafungwa.
"Sisikii kitu, Tariel."
"Ngoja."
"Umelizima?"

Sikujibu upesi. Nilitaka aendelee kusikia.