Naisi

Aliigeuza kofia yangu nje ndani,
akapitisha kidole kwenye vitobo,
akasema, "Naisi. Veri naisi,"
akairudisha mkekani
akenda zake kununua maji ya chupa kwa Mahadhi.

Miezi mitatu na siku nane, kofia ile.
Niihesabie kwa tokeni za stima,
kwa miwani niliyobadilisha,
kwa mjukuu aliyeota meno mawili nikiwa bado utosini.
Na ujira wangu neno moja,
jepesi kama ganda la kitunguu.

Ijumaa Shekuwe alivuka kutoka Mokowe.
Mtoto wa kaka yangu huyu, husomesha Kiingereza,
ana kamusi nzito ya kuzuilia mlango.
Nikamwambia, hebu nipasulie neno hili.
Kila apitaye Usita wa Mui
huniachia barazani kama risiti.

"Shangazi," akasema, "lilizaliwa kwa Kilatini,
likimaanisha *asiyejua*.
Wafaransa wakaliokota, likawa *mpumbavu*.
Waingereza wakalipokea na upumbavu wake.
Baadaye likaona haya, likawa mtu wa kuchaguachagua,
wa kunusa sahani kabla ya kula.
Halafu likawa jembamba:
tofauti ndogo sana, isiyoonwa ila na jicho kali.
Mwisho likachoka, likanenepa, likakaa kitako.
Sasa chai naisi, jua naisi, punda naisi."

"Basi nimesifiwa au nimetukanwa?"

Akainamia kahawa yake, akaipuliza,
ingawa ilikuwa imeshapoa.

Sikumcheka. Letu nalo, *rahisi*,
si lilitushukia Arabuni likiwa bei ya chini tu?
Huku tukalitwisha na mzigo wa pili.
Mnunuzi akilitamka, anaupapasa mfuko.
Fundi akilitamka, anakunja mikono ya kanzu.
Nami nimeshaulizwa, "Kazi hii ni rahisi?"
nikakaa kimya, sijui naulizwa lipi.

Na marehemu Bwanaheri,
mchuzi ukiungua, mchuzi usipoungua,
alifuta vidole akasema, "Mzuri."
Miaka ishirini na sita, mzuri.
Nilimnunia. Nilidhani ulimi wake umekufa ganzi.
Leo nikiwaza, sina hakika:
alikuwa hajui,
au alijua hata punje ya chumvi
akachagua.

Shekuwe kalala. Kamusi iko mlangoni.
Nimeishika tena kofia, nimeisogeza taani.
Safu ya nne, chini ya ua,
kitobo kimoja kimekwenda kombo
kwa upana wa unywele.
Yule mgeni kidole chake kilipita hapo hapo.
Hakukiona. Hakuna atakayekiona;
kichwa kitakachoivaa hakitakiona.

Naisi, nikasema, peke yangu,
ile ya katikati,
nikatafuta mkasi.