Mshale Kwenye Moja

Kwenye tufe la plastiki nililonunua Mtaa wa Kongo
Tokyo ni shubiri moja na vidole vitatu.
Nilipima kwa uzi wa cherehani,
ncha moja nimeibana kwa ukucha hapa Dar,
nyingine nikaivuta juu ya maji, juu ya Bara Hindi,
juu ya Uchina isiyokwisha,
hadi uzi ukakaza.
Kilomita elfu kumi na moja na mia nne na ushei.
Ushei huo ndio unaoniuma.

Hakuna ndege inayofuata uzi.
Binti yangu Sikudhani, safari yake ya mashariki,
walimpeleka kwanza kaskazini, Doha:
saa sita angani,
saa sita kwenye kiti cha chuma akilinda begi,
kisha kumi nyingine juu ya nchi asizoziona.
Ishirini na mbili.
Mimi fundi saa, miaka thelathini na moja kibandani Kariakoo,
nimefungua saa za mabwana harusi na saa za marehemu,
sijapata kuona siku ndefu kama ile.
Saa kumi na moja jioni alimezwa na mlango wa kioo pale Kipawa;
saa tisa alasiri ya kesho yake
nilikuwa bado nimeshika bisibisi, saa ya mteja i wazi,
sikumbuki nilitaka kukaza nini.

Alipokuwa na miaka sita nilimfundisha:
mshale mfupi ukigusa saba, mdomo useme moja.
Akauliza, "Mbona tunasema isichosema saa?"
Nikamjibu, jua lilikuja kabla ya kiwanda.
Akacheka, hakuelewa.
Hata mimi sikuwa na hakika.

Alhamisi asubuhi simu ikalia, chai haijapoa.
"Baba, saa ngapi huko?"
"Saa moja."
Kimya. Kisha kicheko kinachokatikakatika:
"Hapa ukutani mshale uko kwenye moja, Baba!
Kwenye moja yenyewe!
Saa zao zinasoma Kiswahili."

Nikahesabu kwa vidole.
Wametutangulia saa sita,
na sita ndizo tunazoruka sisi kila siku
kutoka namba hadi neno.
Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma saa ya mji
ambao sikujua utanichukulia mtoto.

Ila yeye alikuwa mezani kwa chakula cha mchana,
mimi nachovya andazi la kwanza.
Nikilala saa tano,
tano yake inapambazuka.
Mama yake akaninyang'anya simu, akasikiliza, akanirudishia:
"Kama mishale inasema sawa,
mbona sauti yake inachelewa kufika?"

Sasa ipo saa moja ya mkono, ya kike, kamba nyekundu,
nimeitundika kati ya zile zilizopona.
Wateja wananionya: fundi, hii imekosea saa sita nzima.
Wengine wanauliza bei.
Nawaambia hiyo haiuzwi.