Juma la Tatu

Wanafunzi mia nane na arobaini, ukumbi mmoja,
mteremko wa viti vya buluu hadi miguuni pangu.
Kemia ya Kwanza, saa mbili na nusu asubuhi,
Saskatoon, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kila aingiaye huingia na mvuke wake mdomoni,
na theluji ya viatu inayeyuka chini ya kiti,
nami nasema: tazameni, badiliko la hali.
Wanacheka wa mbele.
Wa nyuma siwasikii. Sijawahi kuwasikia.

Friesen, mkuu wa idara, alileta waraka:
kozi kubwa zote zisukwe upya kwa akili mnemba.
“Ipe kila kitu, Oksana. Mitihani, mihadhara, barua pepe.”
Nikaipa miaka tisa,
kama mtu ampavyo daktari kichupa cha mkojo,
bila kumtazama usoni.

Ilimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Ilianza na kabichi.
Kila Februari huja na mtungi wa kabichi iliyochachishwa,
naufungua, harufu inapanda safu kwa safu,
nasimulia jinsi bibi yangu Paraska alivyopima chumvi
kwa kiganja, na asikosee.
Ikaandika: Dakika kumi na moja.
Hakuna lengo la somo lililotambuliwa. Ondoa.
Nikacheka peke yangu. Ehee, nimeshakujua.

Kisha nikafungua ukurasa wa pili.

Ilikuwa imechora mstari.
Unatembea vizuri juma la kwanza, la pili,
halafu unaporomoka
kama mtu aliyekanyaga kidato kisichokuwepo.
Juma la tatu. Kila mwaka, juma la tatu.
Watu mia na thelathini, mia na arobaini,
wanaondoka wasirudi,
na mimi kwenye kikao cha Aprili nasema:
uvivu, simu, kizazi hiki.

Chini ya mstari, swali moja,
lililookotwa kutoka barua pepe zangu,
limeulizwa mara mia mbili na kumi na mbili,
saa nane usiku, saa kumi alfajiri,
likitanguliwa na samahani,
likitanguliwa na najua ni swali la kijinga:

Moli ni kitu, au ni hesabu tu?

Na jibu langu, lile lile, mara zote hizo:
Soma ukurasa wa 84.

Mtu hukuuma akakupuliza.
Hii iliuma ikanyamaza,
kishale kinapepesa, kinapepesa,
kikingoja niulize jingine.

Miaka tisa nimefunika kombe,
na waliopita hawakuwa wanaharamu.
Alikuwa Delphine Lavallee, aliyetaka kuwa mkunga,
aliyeniandikia kutoka zamu ya usiku ya kiwanda cha mikate.
Nilimtafuta kwenye orodha za mwaka uliofuata.
Nilimtafuta na za baada yake.

Kozi yangu sikuiachia mashine, wala sikuinyima.
Tulivutana kiangazi kizima.
Ikasema juma la tatu liwe majuma mawili. Nikakubali.
Ikasema makundi ya watu ishirini na wanne,
ikapanga jedwali lisilojua
kwamba Tenzin, msaidizi wangu, ana mtoto mchanga.
Nikalifuta, nikalipanga upya kwa penseli.
Kabichi imebaki. Pale penye lengo la somo
nimeandika: harufu.

Leo ni Jumatatu ya juma la tatu.
Sikuja na kitabu.
Nimeinua katoni ya mayai, tupu, juu ya kichwa,
nikauliza: humu kuna dazeni?

Kimya. Buti zinadondosha maji.
Nikahesabu hadi kumi. Nikapita kumi.
Wa mbele wakatazamana.

Kisha sauti, safu ya ishirini na tisa,
ya mtu ambaye hajavua hata kofia:

“Kuna nafasi yake.”